Kupunguza chenga kwenye vidio ya gizani bila kuharibu sura za watu

Vidio iliyorekodiwa ndani usiku kwa taa moja ukiifungua kwenye komputa unakuta chenga zinachemka kila mahali, ukutani, kwenye vivuli, kwenye nywele, na zingine zina rangi nyekundu na kijani hata pale palipotakiwa kuwa peusi tu. Wengi wakiona hivo wanatafuta slaida ya kupunguza chenga wanaivuta mpaka mwisho, chenga zinaisha kweli ila mtu anabaki na uso kama wa nta, kope hazionekani, shati halina nyuzi. Vidio ya nyumbani tunaitunza kwa ajili ya sura za watu, kwa hiyo bora chenga kidogo zibaki kuliko sura ipotee.

Mwanga ukiwa mdogo kamera inapandisha ISO, yani inakuza kile kidogo ilichopata pamoja na uchafu wake wote. Sasa uchafu huo unabadilika kila fremu (yani kila picha moja moja inayounda vidio) ila ukuta haubadiliki, na hapo ndo pa kukamatia: programu ikilinganisha fremu zinazofuatana, kinachobaki palepale ni picha na kinachorukaruka ni chenga. Ukichanganya fremu 4 za kitu kilichotulia chenga zinapungua kama nusu na undani wa picha haujaguswa. Njia ya pili inaangalia fremu moja peke yake, inalainisha pikseli kwa kufuata majirani zake, na hii ndo inayofuta kope. So anza na ya kulinganisha fremu, ile ya kulainisha iweke kidogo sana mwishoni kama bado kuna haja.

Tatizo la kulinganisha fremu ni mwendo. Mtoto akipunga mkono haraka utaona mkono unaburuza kivuli nyuma yake, hapo punguza idadi ya fremu, badala ya 5 weka 2, au kata klipu vipande, sehemu watu wamekaa weka nguvu zaidi na sehemu wanacheza weka kidogo. Inachukua muda lakini ndo inayoleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote nilichotaja hapa, kwa sababu hakuna setingi moja inayofaa klipu nzima yenye utulivu na vurugu pamoja.

Kingine, tenganisha chenga za rangi na chenga za mwanga. Macho yetu hayaoni sana undani wa rangi, tunaona undani wa mwanga, kwa hiyo yale madoa mekundu na ya kijani unaweza kuyabana kwa nguvu na hakuna atakayegundua kitu kimepotea. Za mwanga ndo ziguse taratibu. Programu ya kuediti DaVinci Resolve toleo la kulipia, Studio, lina hii kitu kwenye ukurasa wa Color paneli ya Motion Effects, slaida za mwanga na rangi zimefungwa pamoja so zifungue kwanza afu pandisha ya rangi peke yake. Neat Video, programu ya kuondoa chenga, nayo ni nzuri sana, yenyewe unaionesha eneo lisilo na kitu, ukuta mtupu au dari, inajifunza chenga za kamera yako hapo, ila usiipe eneo lenye nyuzi au maandishi itadhani nayo ni uchafu.

Kama hutaki kulipa, programu ya bure HandBrake ina kichujio cha chenga kinaitwa NLMeans, weka Ultralight au Light, ni cha polepole ila kinatunza undani. FFmpeg nayo ipo, ya bure pia, hii unaiandikia amri:

ffmpeg -i kabla.mp4 -vf hqdn3d=2:4:5:8 -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy baada.mp4

Hizo namba 4 kwa mpangilio ni kulainisha mwanga, kulainisha rangi, kulinganisha fremu kwa mwanga, kulinganisha fremu kwa rangi. Ukiona vivuli vinaburuza shusha mbili za mwisho. Hiyo crf (namba ya ubora, ikiwa ndogo faili linabanwa kidogo) iache chini hivohivo maana faili bado unaenda kuliediti na litabanwa tena.

Mpangilio wa kazi: chenga kwanza, kabla ya kuongeza mwanga, kabla ya kunoa picha, kabla ya kutuliza mtikisiko. Ukinoa kwanza umezinoa na chenga zenyewe, ukituliza mtikisiko kwanza picha inavutwa na kukuzwa na chenga zinageuka madoa makubwa ambayo programu haiyatambui tena. Vidio za simu nyingi zimeshasafishwa na kubanwa na simu yenyewe, huko chenga zimekuwa vibokisi, usilazimishe, weka dozi ndogo tu.

Baada ya hapo shusha weusi kidogo. Chenga nyingi zinaishi kwenye vivuli, ukiviacha viwe vyeusi zinapotea bila kichujio chochote na usiku unabaki kuwa usiku, hii kutaka kila kona ya chumba ionekane ndo inayotuponza. Na kama ulirekodi 4K toa kwa 1080p, pikseli 4 zinakuwa 1 na chenga zinapungua zenyewe.

Unapokagua, cheza vidio kwa ukubwa wa asilimia 100, usisimamishe fremu moja uikodolee, maana fremu iliyosimama inaonesha chenga ambazo ikicheza huzioni, na kuburuza hakuonekani mpaka icheze. Angalia nyusi na nywele, zikianza kuungana rudi nyuma.

Wakati wa kutoa faili, sehemu za giza zilizosafishwa sana huwa zinaleta mistari mistari ukutani, ongeza punje laini (grain, chenga ndogo za makusudi) kidogo sana juu ya picha nzima na bitireti, yani kiasi cha data kwa sekunde, isiwe ya kubana, mistari itaondoka. Faili la mwanzo usilifute.