Ukitafuta mababu wa Kinorwei, anza na shamba
Ukiwafuatilia wakulima wa Norwei waliohamia Minnesota au Wisconsin, Marekani, karne ya 19, usilichukulie jina la mwisho kuwa la ukoo. Ole Hansen Bakken ni Ole, mwana wa Hans, wa shamba la Bakken. Akihamia shamba la Lien anaandikwa Ole Hansen Lien, na dada yake ni Hansdatter, yaani binti wa Hans. Ole ni yuleyule! Sheria ya kulazimisha jina la kudumu ilikuja 1923. Basi tafuta kwanza usharika alikotoka, maana mashamba yaitwayo Bakken ni mengi mno. Mara nyingi daftari za makanisa ya Kilutheri huko Marekani zimeutaja. Ukishaupata, ingia Digitalarkivet, tovuti ya hifadhi ya nyaraka za Norwei, ni bure kabisa, usome rekodi za ubatizo na sensa ya 1865.