Jinsi ya kumbana mbu wa dengue hapo kwako

Dar tushapigwa na dengue 2014, ikarudi tena 2019, na joto likizidi mbu anakua haraka na kirusi nacho kinakomaa haraka ndani yake, kwahiyo usisubiri masika. Huyu mbu Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Anza na maji. Yai mpaka mbu kamili ni kama siku 7 hadi 10, basi chagua siku moja kila wiki, mi nafanya jumamosi, zunguka uwanja mzima mwaga maji ya kwenye tairi, vifuu, sahani za maua, afu ndoo na pipa usiishie kumwaga tu, sugua kuta za ndani kwa brashi maana mayai yananata pale juu ya maji na yanakaa makavu hata miezi yakisubiri maji yarudi (ndo maana ukame nao unatuponza, kila kona tumeweka pipa). Simtanki ifunike vizuri.

Ukipata homa na kipimo cha malaria kikasema huna, ulizia cha dengue. Meza parasetamoli tu, aspirini na diklofenaki achana nazo, zinaweza kukuletea kuvuja damu.