Somo: Kumalizia bourbon katika pipa la mvinyo nyumbani

Kila mwezi hunijia watu watatu au wanne wakiuliza namna ya kumalizia bourbon, yaani wiski ya Kimarekani ya mahindi, katika pipa la mvinyo, na kila mara nimekuwa nikiandika maelezo yale yale vipande vipande. Nimechoka. Leo nayaweka yote mahali pamoja, na atakayeuliza jambo lililomo humu nitamrudisha humu humu.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachofanyika. Sheria ya Marekani inataka bourbon itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, na ikomae katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani hadi kikafanya mkaa. Pipa jipya huipa vanila, karameli na ukali wa mbao, lakini halina ladha ya tunda. Kumalizia ni kuihamisha bourbon iliyokwisha kukomaa na kuitia katika pipa la pili lililowahi kukaa mvinyo, ili ichukue kile ambacho mbao zilikinyonya. Hapa Louisville, Kentucky, ninapoishi, mmoja wa walioipa njia hii umaarufu ni marehemu Lincoln Henderson, ambaye baada ya miaka mingi katika kampuni ya Brown-Forman aliibuka na bourbon ya Angel's Envy, inayomaliziwa kwa miezi 3 hadi 6 katika mapipa ya mvinyo wa Porto.

Hatua ya 1. Nunua pipa la mwaloni la lita 5 na chupa 7 za bourbon za mililita 750. Chagua zenye kilevi cha asilimia 50, kwa sababu mvinyo uliomo katika mbao utaipunguza nguvu, na ile ya asilimia 40 hutoka ikiwa imepwaya. Zenye hadhi ya Bottled-in-Bond huwa na asilimia 50 kamili kwa mujibu wa sheria.

Hatua ya 2. Lijaze pipa maji ya moto na uliache siku mbili, mbao zivimbe na pipa liache kuvuja.

Hatua ya 3. Mwaga maji, kisha jaza mvinyo wa Porto mwekundu mpaka uguse kizibo, uuache wiki sita mahali penye ubaridi.

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma polepole. Mara ya kwanza niliona Porto ni ghali, nikatia mvinyo mwekundu wa kawaida wa asilimia 13, tena chupa nne tu, nikaliacha pipa nusu tupu karibu na dirisha mwezi wa Julai. Nilipofungua kizibo baada ya mwezi, harufu iliyonipokea ilikuwa ya siki ya kachumbari. Nikajidanganya kwamba bourbon ingeifunika, nikamimina chupa zote saba; baada ya wiki mbili nilikuwa na lita tano za kitu ambacho hata shemeji yangu, asiyekataa glasi ya mtu, alikirudisha mezani. Mvinyo dhaifu ukikutana na hewa na joto, bakteria huugeuza kilevi chake kuwa asidi ya siki, na asidi hiyo ikishaingia katika mbao haitoki. Porto imeongezewa pombe kali hadi karibu asilimia 20, ndiyo maana huhimili. Basi jaza pipa lote, liweke mbali na jua, ongeza mvinyo kila wiki kadiri unavyopungua, na unuse kabla ya kumimina bourbon. Ukisikia siki, pipa hilo lioteshe maua. Usilioshe kwa sabuni kwa hali yoyote.

Hatua ya 4. Toa mvinyo, usisuuze pipa, na umimine bourbon saa hiyo hiyo mbao zikiwa bado mbichi. Bakiza glasi moja ya bourbon katika kichupa kidogo. Huyo ndiye shahidi wako.

Hatua ya 5. Anza kuonja siku ya tano, kisha kila baada ya siku tatu, ukilinganisha na shahidi. Usifuate miezi ya viwandani. Kwa kila lita iliyomo, pipa la lita 5 lina eneo la mbao zaidi ya mara tatu ya lile la pipa la lita 200, kwa hiyo mambo huenda mbio. Mimi hutoa kati ya wiki ya pili na ya tatu, pale tunda linapojitokeza huku karameli ikiwa bado inasikika.

Hatua ya 6. Chuja kwa karatasi ya kahawa na utie katika chupa za kioo.

Unapokunywa, mimina kidogo katika glasi iliyobanwa mdomo, uiache dakika kumi, unuse, kisha uonje kabla ya kutia chochote. Matone machache ya maji huifungua harufu ya zabibu kavu, ilhali barafu huifunga.

MASWALI

Swali: Mkuu, niiache muda gani?
Jibu: Hatua ya 5.

Swali: Kwa nini nisichanganye Porto na bourbon ndani ya glasi, niokoe wiki zote hizo?
Jibu: Unaweza, na utakuwa umepata kinywaji cha mchanganyiko. Mimi nimeandika kuhusu pipa.

Swali: Je, bado inaitwa bourbon ikishaingia pipa la pili?
Jibu: Swali zuri, ndugu. Inayouzwa lazima iandikwe kwenye lebo kwamba imemaliziwa katika pipa la mvinyo fulani, kwa kuwa pipa hilo si jipya.

Swali: Nipo Dodoma, na mvinyo mtamu wa zabibu za kwetu ninaupata kwa urahisi. Utafaa?
Jibu: Dada, umenifurahisha. Utamu haudhuru, tatizo ni nguvu. Soma lebo, na ikiwa ni asilimia 14, changanya lita 4 za mvinyo huo na lita 1 ya bourbon ya asilimia 50, upate takriban asilimia 21. Hapo utahimili kama Porto.

Swali: Na mvinyo unaotolewa kwenye pipa tuumwage?
Jibu: Hapana! Umeshaonja mwaloni na unafaa sana kwa mchuzi wa nyama ya ng'ombe.

Swali: Chupa nilizojaza nizilaze kama za mvinyo?
Jibu: Zisimamishe. Kilevi kikali hula kizibo cha gome, na vipande vyake utavikuta ndani ya glasi.