Hatua za Kuulinda Ushindi Katikati ya Mchezo wa Sataranji

Kwenye kibaraza tunachochezea hapa Mikindani, ambako askari wawili weusi wamepotea na nafasi zao zimeshikwa na korosho zenye maganda, nimeona mara nyingi mchezaji akimla mwenzake farasi, akaanza kujihesabu mshindi, kisha akafungwa, yaani mfalme wake akatishiwa bila njia ya kuponyoka, kabla chai haijapoa. Tangu alipozidi, macho yake yalikuwa kwenye kete zake tu.

Hatua ya kwanza ni kujua umezidi kwa kiasi gani. Kwa hesabu iliyozoeleka malkia ni alama 9, ngome 5, farasi na askofu 3 kila mmoja, na askari 1. Mwenye farasi wa ziada ana akiba ya 3, hivyo hana sababu ya kukimbilia askari wa pembeni.

Hatua ya pili ndiyo inayowashinda wengi: kabla ya kula chochote, tafuta kila kete ya mpinzani inayoweza kumtishia mfalme wako, hata ile itakayoliwa papo hapo. Panga ubao wako; herufi a hadi h ni safu kutoka kushoto kwa mweupe, na namba 1 hadi 8 ni mistari kutoka upande wake. Mweupe ana mfalme g1, malkia b3, ngome d1, farasi c3, na askari a2, b2, f2, g2 na h2. Mweusi ana mfalme g8, malkia e5, ngome e8, na askari a7, b7, f7, g7 na h7. Ni zamu ya mweupe, naye amezidi farasi mzima. Malkia wake akimla askari wa b7, malkia mweusi anashuka hadi e1 na kumtishia mfalme. Ngome ya d1 haina budi kumla, ngome ya e8 inakuja kuila hiyo ngome, na mfalme, aliyezibiwa njia na askari wake mwenyewe, amefungwa. Nilifungwa hivyo mimi mwenyewe, na askari wa b7 siku ile alikuwa mojawapo ya zile korosho.

Hatua ya tatu ni kumfungulia mfalme dirisha. Badala ya kula, sogeza askari wa h2 hadi h3. Mweusi akirudia ujanja wake wa e1, ngome yako inamla malkia, ngome yake inaila hiyo ngome, mfalme anahamia h2, nawe umepata malkia kwa ngome.

Hatua ya nne ni kurudia upekuzi wa hatua ya pili kila zamu, hata unapotulia. Mwaka 2014 mjini Sochi, katika mchezo wa 6 wa kuwania ubingwa wa dunia, bingwa Magnus Carlsen alikuwa na nafasi nzuri zaidi, lakini katika zamu yake ya 26 akampeleka mfalme d2. Farasi wa mpinzani wake, Viswanathan Anand, angeweza kumla askari wa e5, kisha wa c4 huku akimtishia mfalme huyo huyo. Anand, aliyekuwa na mpango wake upande wa pili, alisukuma askari hadi a4 na kushindwa mchezo. Wote wawili waliteleza kwa zamu moja.

Mwisho, badilishana kete kubwa, hasa malkia, lakini usiwamalize askari wako. Farasi akibaki na mfalme wake tu hawawezi kumfunga mfalme aliyebaki peke yake, na mchezo huo huandikwa sare.