Sushi na supu ya tambi meza moja, agiza hivi ufaidi vyote viwili

Ile migahawa ya Kiasia ya kawaida, isiyo na makuu, ina menyu ndefu balaa. Ukurasa huu sushi za Kijapani (wali wa siki na samaki, mara nyingi mbichi) na ramen, unaofuata pho ya Vietnam, halafu laksa, hizo tatu zote ni supu za tambi, halafu kari za Thailand na wali wa kukaanga wa Kichina, mtu anafungua anafunga anaishia kusema niletee kama cha yule pale. Sasa kabla hata hujachagua chakula, jua hivi: sushi na supu ya tambi vyote viwili havipendi kusubiri. Tambi zikishaingia kwenye supu ya moto zinaendelea kuiva hapohapo mezani, dakika chache tu zimevimba na ule ukakamavu wake umekwisha, na huku kwenye sushi ule mwani mweusi unaofunga wali unanyonya unyevu, unalegea, unakuwa mgumu kukata kwa meno. Kwa hiyo ukiletewa vyote pamoja lazima kimoja kitaharibika wakati unahangaika na mwenzake.

Na wataleta pamoja usiposema. Manake sehemu nyingi sushi inatengenezwa kaunta na supu inatoka jikoni, hawa hawaongei na wale, kila mtu akimaliza chake anakitoa. Mwambie weita wazi kabisa wakati unaagiza: tunaanza na sushi, supu mtuletee tukikaribia kumaliza. Akionekana hajakuelewa basi agiza sushi peke yake kwanza, supu uiagize ukiwa umebakiza vipande viwili vitatu, bakuli la tambi halichukui muda maana supu yenyewe inakuwa ilishachemshwa tangu asubuhi, wanachemsha tambi tu na kupanga vitu juu. Kuanza na sushi pia kuna mantiki ya ulimi, samaki mbichi ana ladha ndogo, ukishakunywa mchuzi wa pilipili na nazi hutamsikia tena.

Kwenye kiasi watu wanazidisha sana. Maki, yaani sushi za kuviringishwa na mwani, zile nyembamba zinakatwa vipande 6 kwa kawaida, zile nene zilizogeuzwa wali nje mara nyingi ni 8, nigiri, yaani kidonge cha wali chenye samaki juu, huja mbilimbili, na bakuli la ramen ni mlo kamili wa mtu mzima, sio kianzio. Watu wawili wasio na njaa kali, sahani moja ya maki, nigiri kidogo, bakuli moja kubwa la supu na bakuli tupu la kugawana, mmemaliza. Mkiona bado mnaongeza, hakuna anayewafukuza.

Kabla ya kuagiza kitu kibichi angalia ile kaunta. Kama unamwona mtu anakata samaki na kufinyanga wali wakati huo, vizuri. Kama sahani zinatolewa kwenye friji zikiwa zimeshafungwa, mimi hapo naagiza supu basi. Kipimo kingine ni wali, ambao ndio sushi yenyewe kuliko hata samaki, ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, unatakiwa uwe na uvuguvugu kidogo au ubaridi wa kawaida wa chumbani, ushikamane bila kuwa mgumu. Ukitafuna ukakuta punje zina kiini kigumu, huo ulilala kwenye friji. Samaki asinuke, anayenuka usimmeze kwa aibu, mtoe.

Nini uchague? Kwenye mgahawa wa kawaida chukua kinachotoka sana, kwa sababu ndicho kinachoisha na kuletwa kipya. Mara nyingi hao ni samoni na jodari. Kinachochekesha ni kwamba samoni mbichi sio mila ya zamani ya Wajapani, walikuwa wanawapika samoni wao kwa sababu ya minyoo, ni Wanorwe waliokwenda kuwashawishi miaka ya 1980 wamle mbichi samoni wa kufugwa wa Norwe, na leo ni kama hakuna sushi bila samoni. Habari ya minyoo ni kweli ipo, ndio maana samaki wengi wa kuliwa mbichi hugandishwa kwanza, mwongozo wa Marekani unasema nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au baridi kali zaidi ya nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15. Kwa hiyo mtu akikuambia samaki wetu hajawahi kugandishwa, usifikiri hiyo ni sifa. Ila kugandisha kunaua minyoo, bakteria hakuwamalizi, usafi wa jikoni bado ni muhimu.

Kama mbichi hutaki kabisa, hujakosa kitu. Kamba wa kwenye nigiri kwa kawaida amechemshwa, mkunga siku zote anapikwa na kupakwa sosi tamu nyeusi, kuna ya yai lililokaangwa kwa tabaka, kuna maki za tango au parachichi, na zile maki maarufu zilizozaliwa Amerika ya Kaskazini, California roll, zina kile kinachoitwa kaa ambacho mara nyingi ni samaki mweupe aliyesagwa na kutiwa rangi. Tempura ni kamba au mboga zilizochovywa unga mwepesi na kukaangwa. Sashimi ndiyo samaki mtupu bila wali, usiagize ukidhani utashiba.

Kula kwenyewe sasa. Sosi ya soya mimina kidogo tu kwenye kile kisahani, chini ya nusu, utaongeza ikiisha. Nigiri igeuze ili samaki ndiye aguse soya, ukichovya upande wa wali unanyonya chumvi yote halafu unamomonyoka kisahanini. Na nigiri unaruhusiwa kabisa kushika kwa vidole, hata Japani wanafanya hivyo, ingiza yote mdomoni mara moja maana ukiimega nusu inayobaki inasambaratika. Sashimi ndiyo ya vijiti. Temaki, ile inayofungwa kama koni, kula ya kwanza kabla ya kitu chochote mezani, hiyo mwani wake ndio unaolegea haraka kuliko zote. Maki ambazo zimeshamwagiwa mayonezi ya pilipili na sosi tamu, usizichovye tena kwenye soya, zimeshatosha. Mimi kwa maoni yangu maki yenye sosi tatu na imekaangwa juu unalipia sosi, samaki humsikii kabisa, lakini kama ndiyo inakupa raha agiza bila kuona haya.

Ule ute wa kijani ni wasabi, weka kidogo kama kichwa cha kiberiti kwanza. Ukali wake haukai ulimini, unapanda puani moja kwa moja halafu unapotea ndani ya sekunde chache, kunywa maji hakusaidii, vumilia tu. Na mara nyingi sio wasabi halisi, mmea wenyewe ni mgumu kulima na bei yake iko juu, kwa hiyo wanasaga mzizi mwingine wa jamii hiyohiyo wanauchanganya na haradali na rangi ya kijani. Tangawizi ile ya pinki iliyolowekwa kwenye siki ni ya kutafuna kidogo ukitoka samaki huyu kwenda yule, ili ulimi uanze upya, usiipange juu ya sushi.

Ukikuta mgahawa una ule mkanda unaozungusha visahani, kila rangi ya kisahani ina bei yake na wanahesabu visahani vyako mwishoni, kwa hiyo usivirudishe. Ukishachukua umechukua. Huo mkanda ulianzia Osaka mwaka 1958, ni ubunifu wa Yoshiaki Shiraishi, na mwaka huohuo ndio Momofuku Ando alitoa tambi za kwanza za papo kwa papo, naona ulikuwa mwaka wa watu wenye haraka. Visahani vilivyozunguka muda mrefu vipishe, agiza kipya kwa mpishi, wanakubali.

Haya, supu. Ramen ni tambi za ngano zilizotiwa kitu cha jamii ya magadi, ndicho kinachozipa umanjano na kule kuvutika. Kinachotofautisha bakuli na bakuli ni mchuzi: shio ni ya chumvi na nyepesi, shoyu ni ya soya, miso ni nzito kidogo ya maharage ya soya yaliyochachushwa, na tonkotsu ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa masaa mengi mpaka supu inakuwa nyeupe na nzito kabisa. Udon ni tambi nene laini, supu yake imetulia, watoto wanaipenda. Soba ni za ngano nyeusi (buckwheat, ambayo sio ngano ya kawaida), nyingine zinaliwa baridi kwa kuchovya. Pho ni tambi za mchele kwenye supu ya ng'ombe au kuku yenye harufu ya mdalasini na tangawizi iliyochomwa, hii ndiyo nyepesi tumboni kuliko nyingi. Laksa angalia vizuri kabla ya kuagiza maana kuna ya tui la nazi na viungo vya kari, na kuna asam laksa ya Penang ambayo ni ya samaki na ukwaju, chachu kwelikweli, mtu anayetarajia nazi anashtuka.

Namna ya kupatanisha: kama sushi yako ilikuwa ya mayonezi na kukaangwa, chukua supu nyepesi, pho au shoyu. Kama ulikula nigiri tupu basi hapo una nafasi ya tonkotsu au laksa. Vizito viwili mfululizo unaondoka umelemewa.

Bakuli likifika onja mchuzi kwanza kabla ya kuongeza chochote, kijiko kimoja viwili. Watu wanamwaga pilipili na sosi kabla hawajajua kuna nini humo, na mchuzi ndio kazi yote ya mpishi. Halafu anza na tambi mara moja, picha piga moja tu, nyama na yai vitakusubiri ila tambi hapana. Vuta tambi kwa vijiti huku kijiko kikiwa chini yake mkono wa pili, na ukizivuta kwa sauti hakuna shida, kwa Wajapani ni kawaida, hewa inapoza na harufu inapanda, lakini kama hujazoea usijilazimishe utajirushia mchuzi kwenye shati. Pho ikija na nyama mbichi nyembamba juu isukume chini ya supu hapohapo, joto la mwanzo ndilo linaloipika. Majani ya mrehani yachane kwa mkono, maharage yaliyochipua ingiza kwa mafungu yasipooze bakuli, kamulia ndimu, na ile sosi nzito tamu na ya pilipili mimi naziweka pembeni kwenye kisahani nachovyea nyama. Kwenye tom yum, ile supu chachu ya pilipili ya Thailand, vile vipande vigumu vya mchaichai na mizizi na majani ya ndimu sio vya kula, visogeze pembeni. Mchuzi wa ramen sio lazima uumalize, una chumvi nyingi. Ukimaliza tambi na mchuzi bado upo, uliza kama wana tambi za kuongeza, sehemu nyingine wanaita kaedama.

Vijiti: cha chini kinatulia kwenye kifundo cha kidole gumba na kidole cha pete, hakitembei, cha juu unakishika kama kalamu na hicho ndicho kinachofungua na kufunga. Ikigoma omba uma, hakuna atakayekucheka. Ila usivichomeke wima kwenye wali na usipokezane chakula kijiti kwa kijiti na mwenzako, yote mawili kwa Wajapani ni mambo ya msibani. Mpe kwenye sahani.

Sasa kwa wenye masharti, hapa msione haya kuuliza sana maana menyu haisemi. Nguruwe amejificha kwingi: tonkotsu, vile vipande vya nyama juu ya ramen, gyoza nyingi (vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani), na hata ramen ya kuku inaweza kuwa na mchuzi uliochanganywa, kwa hiyo uliza mchuzi wenyewe, usiulize nyama tu. Pombe ya mchele, sake au mirin, inaingia kwenye sosi nyingi. Mla mboga, supu ya miso kwa kawaida ina samaki mkavu, na mboga za kukaanga mara nyingi zina sosi ya chaza au ya samaki. Soya ya kawaida ina ngano ndani, aliyekatazwa ngano aombe tamari, aina ya sosi ya soya, isiyo na ngano na akumbuke kile kinachoitwa kaa nacho mara nyingi kina ngano. Karanga, ufuta na ngano nyeusi vinaleta mzio mbaya kwa baadhi ya watu, taja mapema kabla hawajawasha jiko. Mjamzito aache mbichi, zilizopikwa zipo tele.

Ukitaka kubeba, waambie mchuzi na tambi wafunge vyombo tofauti, kwenye kifuniko kimoja ukifika nyumbani unakuta uji. Sushi ya samaki mbichi iliyokaa nje ya friji zaidi ya masaa mawili usiibebe, na uliyoibeba uile siku hiyohiyo, ukiilaza wali unakauka. Zilizobaki za tango na parachichi zitalika kesho yake ukipenda, ingawa mimi hizo namalizia palepale wakati wanaleta bili.