Viluwiluwi wa mkunga: wengi huharibu kwenye masalia ya chakula

Kama umezoea kulea vichanga wa kambale au sato, huku utaanza upya. Kiluwiluwi wa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, ni bapa kama jani, anaonekana hadi utumbo, na meno yake ya mbele yamechongoka kama sindano. Vijidudu hai wanaolishwa vichanga wengine havimkuzi. Watafiti wa Japani waliangua mayai ya mkunga mwaka 1973, lakini watoto wa wazazi waliozaliwa tangini hawakupatikana hadi 2010. Swali lililowachelewesha sana lilikuwa moja: anakula nini?

Jibu la kwanza lilikuwa uji wa mayai ya papa. Papa hao si wa kutegemea, kwa hiyo siku hizi hutumika pia kiini cha yai la kuku pamoja na protini ya samaki iliyokwisha kumeng'enywa. Uji uwe mzito wa kutulia chini bila kutawanyika.

Kwenye maji ya nyuzi joto 25, yai huanguliwa baada ya siku moja na nusu hivi. Usilishe bado, kiini chake kinamtosha. Mdomo huwa tayari siku ya sita au saba tangu kuanguliwa, na hapo usichelewe.

Simamisha maji yanayoingia, kisha kwa mrija laza uji kwenye sakafu ya tangi. Washa taa. Viluwiluwi hukimbia mwanga, hukimbilia chini, na huko ndiko wanakoukuta uji. Wanauzamia kwa kichwa. Hawakutafuta chakula, wameukimbia mwanga tu! Tazama utumbo: ulioshiba unaonekana kama uzi uliojaa katikati ya mwili usio na rangi. Baada ya dakika 15 zima taa, fungulia maji, suuza. Rudia kila baada ya saa mbili, mara 5 kwa siku.

Kusuuza ndiko kunakopuuzwa. Uji ule ukibaki, bakteria hushamiri na utando hushika kuta. Kiluwiluwi akinasa humo, ndiyo basi. Chagua tangi dogo la lita 5 hadi 10, lenye kitako cha mviringo kisicho na kona. Kila jioni wahamishie kwenye tangi safi kwa mpira wa kufyonzea maji. Wavu utawachubua.

Wazazi nao, pamoja na jina lao, hawazai bila mkunga: tangini hawakomai mpaka wachomwe sindano za homoni. Ndiyo maana mashamba mengi bado hununua makinda waliovuliwa, na asiye na maabara namshauri aanzie hapo, kwa kibali.

Wakifika sentimita 5 hadi 6, kazi ya miezi mitano au hata zaidi ya mwaka, huanza kugeuka: mwili hufupika, huwa wa duara, nao huacha kula. Acha kulisha. Uji utakaouweka wakati huo utaliwa na bakteria tu.