Kichanga ana homa na chanzo hakionekani: mambo ya kuzingatia kabla ya kumpa dawa

Kipimajoto cha kidijitali kiwepo nyumbani kabla homa haijaja. Kiganja kwenye paji la uso hakipimi kitu. Weka ncha katikati ya kwapa kavu, banisha mkono mpaka kilie. Kuanzia 37.5 ni homa. Akiwa chini ya miezi 3, nenda hospitali muda huo huo, hata kama ni usiku na ananyonya vizuri.

Usisingizie meno: joto la 38.5 halitokani na meno. Homa ya chanjo ikizidi siku 2, tafuta chanzo kingine. Malaria apimwe, lakini taja kama alitibiwa karibuni, maana kipimo cha haraka huweza kusoma chanya wiki kadhaa baada ya kupona.

Kinachosahaulika ni mkojo, na hapo watoto huumia bure. Kichanga hawezi kusema mkojo unamchoma; utaona homa, kutapika, kukataa ziwa. Maambukizi yakipanda kwenye figo huweza kuacha makovu. Basi mkojo uchukuliwe kabla ya antibayotiki. Vijiko viwili vya dawa iliyobaki kabatini vinatosha kuficha vijidudu visioteshwe maabara (yaani visikuzwe vikatambulika), ilhali ugonjwa bado uko mwilini, na daktari anabaki kubahatisha. (Mtoto aliyezidiwa hangojewi mkojo, hapo dawa inaanza.)

Omba kopo safi la maabara. Mnyonyeshe, mwoshe sehemu za siri kutoka mbele kwenda nyuma, mkaushe. Mmoja amshike bila nepi, mwingine amsugue taratibu chini ya kitovu kwa kitambaa chenye maji baridi. Baadhi hukojoa ndani ya dakika chache. Matone ya kwanza yapite, kinga yanayofuata, vidole visiguse ndani ya kopo. Ufike maabara ndani ya saa 1. Mkojo wa kukamua kwenye nepi haufai kuoteshwa. Wa kifuko cha kubandika hubeba vijidudu vya ngozi, hivyo ukiotesha kitu usiuamini peke yake.

Parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo: mtoto wa kilo 8 anatosha mililita 4 za shira yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, tena baada ya saa 6. Chini ya miezi 3 usimpe bila daktari. Aspirini, kamwe.

Degedege, utosi uliovimba, kulegea, kupumua kwa shida, kushindwa kunyonya: ondoka sasa hivi. Usingoje shingo ikakamae, kwani kichanga mwenye homa ya uti wa mgongo huenda asiikakamaze kabisa. Beba kadi ya kliniki na chupa za dawa zote alizokwisha kunywa, hata za kienyeji.